Shangazi, Nilimsalimu Bibi Yangu kwa Neno "Uji"

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 23 na ninaishi Kirumba, jijini Mwanza. Baba yangu ni Msukuma, na mama yangu ni Mvietnamu wa Hai Phong. Mama akiongea lugha yake jikoni ninaelewa karibu kila kitu, lakini tangu utotoni nimezoea kumjibu kwa Kiswahili. Mwezi uliopita bibi alipiga simu ya video, nikajikaza kumsalimu mwenyewe, na watoto wa mama mdogo wakaangua kicheko, kwa kuwa "chào", yaani kusalimu, nililitamka "cháo", ambalo maana yake ni uji. Tangu siku hiyo simu ikiita ninaingia chumbani. Bibi amezeeka sana. Je, nimeshachelewa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hujachelewa, na barua yako imenigusa, kwa sababu anayeelewa maneno ya jikoni tayari ana lugha ndani yake, ila mdomo wake haujazoeshwa.

Kosa lako halikutokana na uzembe. Kivietnamu cha kaskazini, anakotoka mama yako, kina toni sita, na maneno yake mengi ya msingi ni ya silabi moja. Sauti ikishuka katika "chào" umesalimu, ikipanda umetaja uji. Kiswahili hakina toni, nasi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tukikutana na neno la silabi moja sauti yetu huenda popote. Kisukuma cha baba yako, hata hivyo, ni lugha ya toni, na kama umekua ukiwasikia ndugu zake wakizungumza, huenda sikio lako limezoea mambo haya kuliko unavyodhani.

Usijifunze neno likiwa peke yake. Mwombe mama atamke salamu nzima, "Cháu chào bà", umrekodi kwenye simu, kisha uifuatishe kama mtu anavyofuatisha wimbo, sauti ikipanda kwenye neno la kwanza na kushuka kwenye mawili yanayofuata. Maana yake ni "mjukuu amsalimu bibi", na hapo pana jambo ambalo mtoto wa Kiswahili hulielewa upesi: katika familia watu hawaitani "mimi" na "wewe", bali hutaja undugu. Mama mdogo ni "dì", naye mtoto wa ndugu mkubwa wa mama yako utamwita kaka au dada hata kama umemzidi umri. Nadhani ndipo wengi wanaponyamaza, wakihofia kukosa adabu kuliko kukosa sarufi. Muulize mama, mtu kwa mtu, kila mmoja aitwe nani.

Unapowaandikia ujumbe, weka alama zote za toni, maana "chao" tupu haionyeshi kama ni salamu au ni uji.

Mama naye ana sehemu yake. Mwambie kwamba mkiwa mnaparua sato jioni, atakachokisema kwa Kivietnamu utakijibu kwa Kivietnamu, hata kama ni neno moja, naye akurekebishe papo hapo bila kuhamia kwenye Kiswahili. Kuhusu hao ndugu zako, mwombe azungumze na mama yao, kwani kicheko kile kimemnyima bibi sauti ya mjukuu wake mwezi mzima.

Simu itakapoita tena, ipokee wewe kabla ya mama.