Barua zenu: Kichwa kikikataa kutulia

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu afanye nini kila siku ili moyo utulie na kicheko kirudi? Tumechagua sita. Hatutampa yeyote orodha ndefu, kwa sababu orodha ndefu ndiyo inayoua tabia hizi. Kila mwandishi achukue moja, aipe saa yake.

*“Nauza mitumba soko la Owino. Mchana nacheka na wateja, sina shida. Nikilaza kichwa tu, mahesabu yanaanza: deni la sako (chama chetu cha akiba na mikopo), karo, mzigo uliokwama mpakani Malaba. Usingizi unakuja saa nane, na saa kumi na mbili lazima niamke.” – Mama wa mitumba, Kampala*

Mama, mahesabu hayo yanakuja usiku kwa sababu mchana hayakupata nafasi. Kuanzia asubuhi una wateja, wachuuzi na simu. Kitandani ndipo kichwa kinapobaki peke yake kwa mara ya kwanza. Usijaribu kuyafukuza. Yape muda wake mapema.

Tenga robo saa, isizidi dakika 20, kila siku wakati uleule. Saa kumi na moja na nusu jioni inafaa, ukiwa umeshafunga mzigo na hujapanda taksi. Tumia daftari, si simu, maana ukiifungua simu utakutana na ujumbe wa mdai kabla hujaandika neno. Gawanya ukurasa kwa mstari. Kushoto andika yale unayoweza kuyafanyia kitu, kulia yale yasiyo mikononi mwako. Kila jambo la kushoto lipate hatua moja ya kesho, pamoja na saa. “Kulipa deni la sako” si hatua. “Saa tatu nimpigie mweka hazina, nimuulize kama atapokea nusu” ni hatua. Ya kulia yataje tu, kisha funga daftari. Wazo likirudi usiku, jibu ni fupi: limeshaandikwa, lingoje kesho jioni.

Njia hii ilipimwa Marekani na mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake, wakachapisha matokeo mwaka 1983. Wao walitumia nusu saa. Kwa mtu wa soko tunaona robo saa inatosha. Kinachoiharibu ni mambo matatu: kuifanya kitandani, kuirefusha mpaka ikawa saa nzima ya hofu, na kuiacha baada ya siku tatu. Jipe wiki mbili.

Sasa kitanda. Ukikaa macho kwa muda unaoona kama dakika 20 (usitazame saa, kuitazama kunazidisha hofu), ondoka kitandani. Keti mahali penye mwanga hafifu, kunja nguo au fanya kazi yoyote isiyosisimua, na urudi macho yakiwa mazito. Ubongo umejifunza kwamba kitanda ni meza ya mahesabu, na hapa unaufundisha upya. Mwanasaikolojia Richard Bootzin alieleza utaratibu huu mwaka 1972, na mpaka leo ni sehemu ya tiba ya kukosa usingizi. Najua wengi wetu tuna chumba kimoja na watoto wamelala pembeni. Basi kiti cha plastiki karibu na mlango kinatosha, mradi usikae juu ya godoro.

La mwisho kwako ni saa ya kuamka. Iwe ileile hata Jumapili, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Sisi tuliokaa kwenye ikweta tuna bahati: jua letu huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi. Toka nje dakika 10 hadi 20 kabla ya kushika simu. Hata kukiwa na mawingu, mwanga wa nje unaushinda wa balbu mara nyingi sana, na ndio unaoipanga saa ya mwili. Usilikodolee jua lenyewe. Siku za kwanza utasinzia mchana. Ukilazimika kulala, iwe dakika 20, na kabla ya saa tisa.

*“Naendesha boda Jinja. Malori, polisi, abiria wasiolipa. Nafika nyumbani mikono inatetemeka, nawafokea watoto bure. Niliambiwa nivute pumzi ndefu, nikavuta, nikaona kizunguzungu.” – Mtu wa boda*

Kaka, ulivuta nyingi mno kwa haraka. Ukipumua kwa nguvu unatoa kaboni dayoksaidi kuliko mwili unavyoitengeneza. Mishipa ya damu ya ubongo inajibana, ndipo kichwa kinapozunguka na vidole kufa ganzi. Kinachotuliza si wingi wa hewa. Ni kupumua polepole, na pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia.

Fanya hivi. Zima pikipiki, vua helmeti, miguu yote miwili iwe chini, mkono mmoja tumboni. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo lisukume mkono. Mabega yakipanda, umekosea. Toa kwa mdomo ukihesabu hadi sita, kama anayepoza uji wa moto. Kila mzunguko unachukua sekunde kumi, yaani pumzi sita kwa dakika, na dakika tano zinakupa pumzi thelathini. Unapotoa hewa, neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, hupunguza mapigo ya moyo. Ndiyo maana tunarefusha upande huo. Sita zikikushinda, anza na tatu kuingia na nne kutoka. Kizunguzungu kikirudi, punguza kiasi cha hewa, usiongeze mwendo.

Kwa mahali pa haraka, kwa mfano baada ya lori kukukosakosa, simama kando, uvute mara mbili na kutoa mara moja: vuta kwa pua mpaka mapafu yajae, ongeza mvuto mfupi juu yake, kisha achia yote polepole kwa mdomo. Mara tatu zinatosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watu zoezi hili dakika tano kwa siku kwa mwezi mmoja, na katika matokeo ya mwaka 2023 hali yao ya moyo iliboreka. Usilifanye ukiwa mwendoni.

Watoto je? Funga zoezi kwenye ufunguo: ukishauchomoa mbele ya nyumba, hupigi hodi mpaka pumzi thelathini zimeisha. Wakikukimbilia kabla hujamaliza, fanya kumi.

Na tukuulize swali: unakula saa ngapi? Vijana wengi wa steji hula rolekisi moja (chapati iliyoviringishiwa mayai) saa nne asubuhi, kisha soda na vinywaji vya kuongeza nguvu mpaka usiku. Mikono ya mtu kama huyo hutetemeka hata barabara ikiwa tupu. Chakula cha saa nane kinaweza kukufaa kuliko pumzi zote tulizoandika hapa.

*“Nasahihisha madaftari usiku kwa vikombe vitatu vya kahawa. Je, ndiyo inayonifanya niwe na wasiwasi?” – Mwalimu, Masaka*

Inachangia, Mwalimu. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa moja jioni, nusu yake unalala nayo saa sita. Kwa mjamzito hukaa muda mrefu zaidi. Fanya kikombe cha mwisho kiwe cha saa nane mchana, na kumbuka chai ya majani nayo ina kafeini, ingawa kidogo kuliko kahawa. Usiache ghafla, kichwa kitakuuma kuanzia siku ya kwanza. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu. Wanaotafuta usingizi kwenye waragi, ile pombe kali, tunawajibu papo hapo: inalaza upesi, kisha inavunja nusu ya pili ya usiku, na unaamka saa tisa moyo ukienda mbio.

*“Kila usiku naandika mambo matatu ya kushukuru. Sasa naandika yaleyale: uhai, afya, watoto. Sijisikii chochote.” – Msomaji, Mbale*

Hushangazi. “Afya” ni neno pana mno, moyo hauoni cha kushika. Zoezi lililopimwa na mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake mwaka 2005 lilikuwa na sehemu mbili: mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo, na kwa kila moja, sababu yake. Watu wengi hapa huiacha sehemu ya pili, na ndiyo yenye kazi.

Linganisha. “Nashukuru kwa jirani” halina uzito. “Leo mvua iliponyesha nikiwa sokoni, jirani alianua nguo zangu zote, alikumbuka kwa sababu juzi mimi nilimlindia mtoto” lina mtu, tukio na chanzo. Kuandika hivyo kunakufanya uyarudie tena kichwani, na kesho yake macho yanaanza kutafuta vitu vya namna hiyo mchana kutwa. Katika utafiti huo watu walipewa wiki moja tu. Ukichoka, andika mara moja kwa wiki, kwa mfano Jumapili jioni. Wakati mwingine acha daftari kabisa, umpigie huyo jirani na kumwambia.

Ukiwa na msiba au njaa ndani ya nyumba, usijilazimishe kushukuru. Hatupendi mashauri ya kumwambia mtu “fikiria mazuri” wakati paa linavuja. Yanamwongezea hatia juu ya taabu.

*“Nina watoto wanne na sina hata dakika moja ya kimya. Tena naswali sala tano. Je, hiyo haitoshi?” – Mama, Bombo*

Mama, una kitu ambacho wengine wanatafuta kwa shida: nyakati tano za siku ambazo hazisahauliki. Hatuna neno la kuongeza kwenye sala yenyewe. Tunakushauri uitumie kama nguzo, na kwenye nguzo moja ufunge tabia moja. Baada ya alfajiri, kabla ya kukunja mkeka, kaa pumzi kumi za polepole, zile tulizomweleza mtu wa boda. Au baada ya alasiri, tembea dakika kumi, hata kama ni kwenda dukani kwa njia ya mzunguko. Usianze zote mbili mwezi mmoja.

Uvumilivu unahitajika. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliotoka 2010, ulikuta tabia inachukua wastani wa siku 66 mpaka ifanyike yenyewe bila kujikumbusha. Kwa wengine siku 18, kwa wengine makadirio yalifika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo mtoto akiugua ukakosa Jumanne, endelea Jumatano bila kujilaumu.

Kuhusu kutembea, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kulima na kubeba dumu la lita 20 vinahesabika. Ila dumu ni kazi, na kazi haimpumzishi mtu kwa kuwa tu imemtoa jasho. Tafuta pia kimoja unachokipenda, kipangie siku, ukifanye pamoja na mtu mwingine. Bombo hamkosi wanaosuka vikapu: saa moja ya kusuka na majirani Alhamisi, watoto wakicheza uani, ni dawa nzuri kuliko kusubiri kimya ambacho nyumba ya watoto wanne haitakupa kabla ya miaka kadhaa.

*“Kaka yangu amejaribu matembezi, sala, kila kitu. Wiki tatu sasa hali chakula vizuri, halali, hataki hata mpira aliokuwa akiupenda. Juzi alisema tungekuwa na nafuu bila yeye.” – Dada, Arua*

Dada, hapa tabia za kila siku hazitoshi. Huzuni au kukosa hamu inayokaa karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, pamoja na usingizi na chakula kuharibika, ni ugonjwa unaotibika. Maneno ya juzi yanataka uchukue hatua leo.

Muulize wazi: “Unafikiria kujiua?” Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani, mara nyingi kunamfungua. Akikubali, au akinyamaza, asiachwe peke yake. Dawa za kuua wadudu za shambani zitoeni nyumbani zikafungiwe kwa jirani, pamoja na vidonge na kamba. Usimwahidi kwamba utaificha siri hii.

Mpelekeni hospitali ya rufaa ya Arua; hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Ada katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, ila bebeni nauli na akiba kidogo, kwani dawa zikiisha mtaandikiwa mkanunue. Ombeni pia apimwe upungufu wa damu na tezi ya shingo, maana vyote viwili huweza kuleta uchovu na huzuni za namna hii.

Baada ya hapo, ulizia tiba ya vikundi. Ilijaribiwa hapa hapa Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai: watu walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa. Matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria.

Mkifika dirishani msiseme tu “anaumwa kichwa” kwa kuona aibu ya foleni. Taja wiki tatu, taja usingizi na chakula, yarudie maneno aliyosema juzi, na uombe aonwe siku hiyohiyo. Kama anatumia dawa yoyote, nenda na pakiti zake.