Laptop ya GB 4 na programu ya kwanza

Mdogo wangu unayeuliza kama RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 4 inatosha kuanza kutengeneza programu za simu: inatosha, kwa tabu kidogo. Android Studio, programu ya Google ya kutengenezea programu za Android, wenyewe wanataka angalau GB 8, kwa hiyo andika Flutter (zana ya kutengenezea programu za simu) ndani ya VS Code, kihariri chepesi cha msimbo, na ile simu ya bandia ya kwenye kompyuta achana nayo kabisa. Tumia simu yako: mipangilio, "kuhusu simu", gusa namba ya toleo mara 7, kisha kwenye menyu ya "developer options" itakayofunguka washa USB debugging (ruhusa ya kompyuta kujaribia programu kwenye simu yako), chomeka waya. iPhone iache kwanza, inadai Mac, kompyuta ya Apple.

Sasa utengeneze nini? Tafadhali isiwe "Facebook ya Mwanza". Nenda soko la Mwaloni pale Kirumba uangalie daftari la muuza dagaa: jina, ndoo ngapi, kalipa ngapi, anadaiwa ngapi. Hilo ni fomu moja, orodha moja na SQLite (hifadhi ya data ndani ya simu yenyewe), na halili bando.

Akaunti ya kuweka programu Play Store ni dola 25, unalipa mara moja, ila usikimbilie. Akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa iwe na wajaribu 12, yaani watu wa kuijaribu programu yako, kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuiachia kwa wote. Waombe haohao wa Mwaloni.