Wanachama Wanang'ang'ania Karatasi: Tufanyeje Wajibu Dodoso Mtandaoni?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana cha Waafrika Mashariki hapa Toronto. Tulizitumia familia zote dodoso la karatasi kuhusu michango, na chini yake tukaandika kwamba anayependa anaweza kujibu mtandaoni. Wengi wamerudisha karatasi, wengine wamekaa kimya, na kazi ya kuingiza majibu kwenye kompyuta imeniangukia mimi. Je, tuifute karatasi kabisa?

JIBU: Ndugu Katibu, karatasi msiifute, bali ichelewesheni. Mtu aliyekwisha kushika dodoso mkononi, na kalamu iko mezani, hana sababu ya kuhangaika na tovuti. Na yule anayejiambia kwamba atajaza mtandaoni baadaye huiweka karatasi kando na kuisahau. Watafiti wa madodoso ya posta wameona mara nyingi kwamba kutoa njia zote mbili kwa pamoja hupunguza idadi ya wanaojibu.

Nchi mnayoishi imelipitia jambo hilo katika sensa zake. Mwaka 2006 kaya zilipelekewa dodoso la karatasi lenye namba ya kuingilia mtandaoni, na waliojibu kwa intaneti hawakufika asilimia 20. Mwaka 2011 Idara ya Takwimu ya Kanada iligeuza mpangilio: kaya nyingi zilianza kwa kupokea barua tu, yenye anwani ya tovuti, namba ya siri na simu ya kuombea karatasi, waliokawia wakakumbushwa, kisha wakaletewa dodoso lenyewe, na waliobaki wakafuatwa na makarani. Majibu ya intaneti yalifika asilimia 54, na mwaka 2021 yakawa 84. Ni kweli kwamba intaneti nayo ilikuwa ikienea, lakini kuenea huko peke yake hakutoshi kueleza ongezeko kubwa hivyo ndani ya miaka mitano, kati ya 2006 na 2011.

Sensa hiyo, hata hivyo, ni lazima kisheria, na chama chenu hakina rungu la namna hiyo. Ninyi mna kufahamiana. Kiungo kinachotumwa WhatsApp bila maelezo hufanana na vile vya matapeli, na wazee wana haki ya kukiogopa. Afadhali mwenyekiti atangulize ujumbe wa sauti, ataje jina la chama, aseme dodoso lina maswali mangapi na nani atayasoma majibu. Ikiwa kila familia itapewa namba yake, semeni wazi kwamba mtajua nani amejibu, maana swali la michango linagusa mfuko wa mtu.

Baada ya wiki moja wakumbusheni waliokawia. Wiki ya pili wapelekeeni karatasi, pamoja na bahasha yenye stempu. Bibi asiyetumia simu janja msimngojeshe hadi hapo: apigiwe simu tangu siku ya kwanza, asomewe maswali kwa Kiswahili, na anayempigia ajaze majibu yake papo hapo mtandaoni.