Je, Mungu aliiona chenji niliyokosea?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama ninayeuza dagaa katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Mwezi uliopita abiria aliyekuwa akiwahi boti ya Mwamgongo alinunua dagaa wa shilingi 4,000, akanipa noti ya 10,000, nami katika msongamano ule nikamrudishia 1,000 tu, nikidhani amenipa 5,000. Niligundua jioni nilipohesabu mauzo. Siku hiyohiyo nilimfokea binti yangu kwa sababu ya dagaa walionyeshewa mvua wakiwa chanjani, ilhali mimi ndiye niliyesahau kumwambia awaanue. Sasa nikipiga magoti, namwona Mungu kama mwenye duka aliyeshika daftari la madeni. Je, huhesabu hata makosa kama haya?

Mama wa Kibirizi

JIBU: Amina, mama yangu. Mungu aliiona noti ile, na sitakuambia kwamba shilingi 5,000 ni kitu kidogo, kwa maana huenda ndiyo iliyokuwa nauli ya kurudi ya mtu yule. Hata hivyo, sura hiyo ya mwenye duka inanisikitisha, kwa sababu Maandiko yanapotueleza habari za Mungu aonaye hayatupeleki dukani.

Fungua Mwanzo 16. Anayemwita Mungu kwa jina hilo ni Hajiri, mjakazi mjamzito aliyekimbia jangwani baada ya kuteswa na bibi yake Sarai. Hakuwa mtu asiye na kosa, kwani sura hiyohiyo inasema kwamba alipojiona ana mimba alimdharau bibi yake. Malaika alipomkuta penye chemchemi hakuanza kumsomea mashtaka. Alimuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Kisha akamwagiza arudi na kunyenyekea, jambo ambalo halikuwa jepesi, lakini akamwambia pia kwamba Bwana amesikia kilio cha mateso yake. Jicho lililoona dharau yake liliona na machozi yake. Nawe vivyo hivyo: aliyeona mkono wako ukikosea chenji aliona pia kwamba ulikuwa umeamka usiku kungoja mitumbwi, na kwamba wateja watatu walikuwa wakikuita kwa wakati mmoja.

Torati inakiri kwamba mtu huweza kukosa pasipo kukusudia. Walawi 4 yote inahusu jambo hilo. Inakiri vilevile kwamba anayedai anaweza asipatikane, na katika Hesabu 5:8 imeandikwa kwamba iwapo hakuna jamaa wa kupokea malipo, malipo hayo ni ya Bwana. Kwa hiyo fedha ile isiingie tena katika mtaji. Iweke kando, uwaulize mabaharia wa boti ile kama wanamkumbuka abiria huyo, maana njia ile ina wasafiri wanaorudi mara kwa mara, na akikosekana kabisa, mpe mhitaji.

Kuhusu binti yako nasema kwa uzito zaidi, kwa kuwa yeye hahitaji kutafutwa botini. Nimewaona wazazi wengi wakiungama kwa machozi kanisani makosa ambayo hawajawahi kuyataja mbele ya mtoto waliyemkosea. Mkalishe leo, kabla ya sala ya jioni, umwambie kwamba wewe ndiye uliyesahau, na usitaje mvua.