Vichochoro vya kale Paris bado vipo, acha barabara kuu

Ndugu, pole na miguu. Unasema umezunguka Paris asubuhi nzima ukaona barabara pana na majengo pacha tu, unauliza kama mitaa ya Zama za Kati ilivunjwa yote. Mingi ndiyo, Haussmann, mkuu wa serikali aliyeujenga upya mji, aliibomoa kuanzia 1853. Mingine ilimponyoka.

Kesho shukia metro ya Saint-Paul. Rue François-Miron, namba 11 na 13, kuna nyumba mbili nyembamba zenye maboriti yanayoonekana nje. Pitia Rue des Barres nyuma ya kanisa la Saint-Gervais, kisha Rue des Jardins-Saint-Paul. Ule ukuta mrefu wa mawe kando ya kiwanja cha michezo ni ngome ya mfalme Philippe Auguste, iliyoanza kujengwa 1190. Vijana wanacheza mpira chini yake kama vile ni ukuta wa jirani!

Mchana vuka mto, nenda Rue Galande. Mimi huamini mtaa unaopinda kuliko sura ya nyumba, maana nyumba nyingi zilijengwa upya na njia ikabaki ileile. Ukitaka nyumba yenye mwaka wa uhakika, ipo 51 Rue de Montmorency, ya 1407.

Rue de la Huchette ni ya kale pia, ila wapiga debe wa migahawa watakuchosha, na simu iweke mfuko wa mbele. Mlango wa ua ukiwa wazi usijipenyeze, wanaishi watu humo. Mvua ikinyesha, yale mawe yanateleza vibaya.