Nguo za Kuingia Nazo Porini: Kwa Wanaoanza Kazi ya Uwindaji wa Kitalii

Vijana wanaopata kazi ya kwanza katika kambi za uwindaji wa kitalii huniuliza wanunue nguo gani kabla ya kuondoka Arusha, na wengi huwa wamekwishatamani kombati. Hilo tulimalize mapema: nguo za mabaka zinazofanana na sare za jeshi haziruhusiwi kwa raia nchini Tanzania, hata zikitoka kwenye belo la mitumba, na hata mgeni akija nazo kutoka kwao. Mgeni aelezwe angali anapanga safari, asije akalisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA.

Kinachomficha mtu ni kufanana na ardhi atakayoikanyaga mwezi huo. Katika msimu wangu wa kwanza nilinunua pale soko la Memorial, Moshi, shati na suruali za kijani kilichokolea, nikiamini kwamba pori ni kijani. Tulifika Longido mwezi Agosti, nyasi zimekauka kama mabua ya mahindi, nami nikawa kisiki kinachotembea. Swala twiga aliyekuwa amesimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya mgunga alishuka, akageuza shingo, akanikazia macho mimi kati ya watu wanne, kisha akatokomea. Mzee aliyekuwa akituongoza kwa nyayo hakunikaripia. Jioni alilitandika juu ya nyasi shati lake la kaki lililopauka kwa jua, akaniambia niende hatua thelathini kisha nigeuke. Ilinibidi nilitafute kwa macho.

Swala, nyati na wanyama wengi wenye kwato hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, lakini bluu wanaiona vema, na wanatambua haraka kitu kilicho cheusi au cheupe kuliko kilicho nyuma yake. Kwa hiyo kiwango cha weusi wa nguo kina uzito kuliko michoro yake. Bluu na nyeusi ziacheni mjini kwa sababu nyingine pia: huwavuta mbung'o, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ndege kama kanga na kwale huona rangi vizuri sana, hivyo kwao kosa dogo halisameheki.

Ukipangiwa kwenye misitu ya miombo, kumbuka kwamba miombo huchipua majani yenye wekundu kabla ya mvua, na wakati huo kahawia hukufaa kuliko kijani. Mvua zikikolea, vaa kijani kilichopauka.

Chagua pamba, kwa maana nailoni hulia kila inapokwaruzwa na miiba. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha nguo, kwa hiyo fua kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato. Saa inayometa ivuliwe.

Hata hivyo, hakuna shati linaloficha harufu. Beba soksi yenye majivu laini, uitikise kila baada ya mwendo mfupi, utazame vumbi lake linakokwenda. Likielekea waliko nyati, zungukeni, hata kama mzunguko huo utawagharimu saa nzima juani.