Papa haendi bila kualikwa mara mbili

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Papa husafirije, na kwa nini asikae tu Roma?"

Wengi hudhani Vatikani huchagua nchi, ikatangaza tarehe, basi. Kwa desturi hutakiwa mialiko miwili: wa maaskofu wa nchi husika na wa serikali yake, maana Papa ni mchungaji wa Wakatoliki na papo hapo ni mkuu wa dola. Maaskofu wakiita na serikali ikanyamaza, safari hukwama.

Mambo yakikubalika, balozi wa Papa nchini humo hushika kazi pamoja na maaskofu. Kutoka Roma huja watu wa kukagua barabara, jukwaa la altare, hospitali ya karibu, na mahali Baba Mtakatifu atakapopumzika. Ratiba huandikwa kwa dakika.

Vatikani haina ndege ya safari hizi. Kwa miaka mingi ilikodi Alitalia, shirika la ndege la Italia. Tangu 2021 ni ITA Airways, shirika lililochukua nafasi yake, kutoka Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma. Papa hukaa mbele. Nyuma kabisa hukaa waandishi wa habari wapatao 70, ambao nauli zao hulipwa na vyombo vyao wenyewe. Kila ndege ivukapo anga la nchi, rais au mfalme wa huko hupelekewa telegramu ya salamu na baraka. Ulinzi barabarani ni mzigo wa serikali mwenyeji. Altare, viti na vyoo vya waumini huwa michango ya Kanisa la mahali.

Kazi ngumu kuliko zote ni umati. Mei 1980 mjini Kinshasa, watu 9 walikufa katika msongamano kabla ya Misa ya Yohane Paulo II. Ndiyo maana uwanja hugawanywa kwa uzio katika vitalu, kila kitalu na njia yake, na watu huingizwa tangu usiku. Komunyo, yaani kuwagawia waumini mkate mtakatifu, nayo ina hesabu yake. Wanaokomunika wakiwa 100,000 na wagawaji 200, kila mmoja ana watu 500. Kwa sekunde 5 kwa mtu, hiyo ni zaidi ya dakika 40, kabla hujahesabu kutembea juani na siboriamu, chombo cha kubebea mkate huo. Wagawaji wakipungua nusu, Misa inavuka muda na ratiba yote ya alasiri inavurugika.

Sasa, kwa nini aende? Kwa sababu kuna mambo hayafanyiki kwa barua. Paulo VI alipofika Uganda mwaka 1969, Papa wa kwanza kukanyaga Afrika akiwa madarakani, aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao ndio wamisionari wao wenyewe. Novemba 2015 Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu, mlango wa kanisa unaofunguliwa katika mwaka wa Jubilei, mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, katikati ya vita, kabla ya ule wa Roma.

Ziara yake ya Kongo iliahirishwa mwaka 2022 kwa ajili ya maumivu ya goti. Alipokwenda mwaka 2023, Goma, mji wa mashariki mwa nchi hiyo, ilikuwa imeondolewa kwenye ratiba kwa sababu ya mapigano. Basi watu wa mashariki wakamfuata Kinshasa, kwenye ubalozi wake. Walisimulia waliyotendwa, kisha wakaweka chini ya msalaba panga na visu kama vile vilivyowaua jamaa zao, yeye akiwa ameketi mbele yao anasikiliza.